Kupanga Kazi ya Karakana: Hatua Nne za Mpango wa Utengenezaji

Watu wengi hudhani ya kuwa karakana ikichelewesha kazi, sababu ni uvivu wa mafundi au uchache wao. Mara nyingi sivyo. Ingia katika karakana iliyochelewa utazame. Utamwona fundi mmoja ameketi akingoja mbao, wa pili akingoja randa iliyo mikononi mwa mwenziwe, na katikati yao rundo la vipande vilivyokatwa tangu juzi ambavyo hakuna aliyevigusa. Wote ni mafundi hodari. Kazi haikucheleweshwa na mikono yao, bali na kungojana.

Kuondoa kungojana huko ndiyo kazi ya mpango wa utengenezaji. Katika vitabu vya biashara na uongozi wa viwanda mpango huo hugawanywa katika hatua nne: kupanga njia, kupanga wakati, kutoa amri ya kazi, na kufuatilia. Katika somo hili tutazieleza moja moja kwa mfano mmoja wa useremala. Yafaa mwanafunzi awe na karatasi na kalamu, maana hesabu zake ni nyepesi na kila mtu aweza kuzihakikisha mwenyewe.

MFANO WETU

Tuseme shule moja ya msingi imeagiza madawati 60, na kila dawati hukaliwa na watoto 3. Shule itafunguliwa baada ya majuma 4. Karakana hufanya kazi siku 6 kwa juma, kwa hiyo ina siku 24 za kazi. Dawati moja lisipofika kwa wakati, watoto watatu watakaa sakafuni; na madawati yote yasipofika, watoto 180 watakaa sakafuni. Hilo ndilo jambo lililo mbele ya msimamizi wa karakana.

Kabla ya hatua ya kwanza msimamizi hana budi kujua vizuri ni kitu gani kinachotakiwa. Achore mchoro wenye vipimo vyote, kisha aandike orodha ya vifaa vya dawati moja na kuizidisha kwa 60. Tuseme dawati moja linahitaji parafujo 24. Madawati 60 yatahitaji parafujo 1,440. Zikiuzwa katika paketi za 100, itambidi anunue paketi 15, kwa kuwa 14 hazitoshi. Hesabu hii yaonekana ndogo, lakini karakana nyingi zimesimama nusu siku nzima kwa ajili ya paketi moja ya parafujo iliyosahauliwa. Mbao nazo zitazamwe mapema kama zimekauka, maana dawati lililotengenezwa kwa mbao mbichi hujikunja na kupasuka.

HATUA YA KWANZA: KUPANGA NJIA

Kupanga njia ni kuamua kazi itapita wapi tangu ikiwa mbao mpaka iwe dawati, itafanywa na nani, na kwa chombo gani. Dawati letu litapita katika vituo hivi:

1. Kukata mbao kwa msumeno: madawati 12 kwa siku.
2. Kupiga randa: madawati 12 kwa siku.
3. Kutoboa matundu na kuchonga ndimi za viungo: madawati 4 kwa siku.
4. Kuunganisha kwa gundi na parafujo: madawati 6 kwa siku.
5. Kupiga msasa na kupaka vanishi: madawati 6 kwa siku.
6. Kukauka: siku 1.

Kila kituo kina fundi wake. Sasa tazama orodha hiyo kwa makini. Kituo cha tatu ndicho chenye mwendo mdogo kuliko vyote. Hata wengine wakikimbia namna gani, karakana hii haiwezi kutoa zaidi ya madawati 4 kwa siku, kwa sababu kila dawati lazima lipite hapo. Kituo cha namna hii ni kama shingo ya chupa: chupa iwe pana vipi, maji hutoka kwa kadiri ya shingo yake. Msimamizi anayepanga njia bila ya kuitafuta shingo ya chupa hajapanga kitu.

Kupanga njia ni pamoja na kupanga mahali. Kituo cha randa kikiwa upande huu na cha msumeno kikiwa upande wa pili wa ua, vijana watashinda wakibeba mbao huku na huku, na kubeba mbao hakuongezi thamani ya dawati. Vituo vifuatane kama kazi zinavyofuatana.

Jambo hilo lilionekana wazi kabisa katika kiwanda cha magari cha Henry Ford huko Highland Park, Marekani, mwaka 1913. Zamani gari lilisimama mahali pamoja na wafanyakazi wakalizunguka wakiwa na vyombo vyao. Ford na wahandisi wake wakageuza njia: gari likawa linavutwa polepole mbele ya wafanyakazi, na kila mmoja akasimama mahali pake akifanya kazi yake moja. Muda wa kuunganisha gari moja, ambao ulikuwa kama saa 12 na nusu, ulishuka katika miezi michache mpaka dakika 93. Gari lilikuwa lile lile. Iliyobadilika ni njia ya kazi.

HATUA YA PILI: KUPANGA WAKATI

Baada ya kujua njia, msimamizi huamua kila kazi itaanza lini na kumalizika lini. Hapa ndipo penye siri kubwa ya somo letu, nasi tutakaa hapa kidogo.

Tufikiri kwanza msimamizi asiyepanga. Anasema, "Tukate mbao zote kwanza, tukimaliza tupige randa zote, kisha tutoboe zote." Maneno hayo yasikika kama ya mtu wa utaratibu. Tuyapige hesabu. Kukata madawati 60 ni siku 5, randa siku 5, matundu siku 15, kuunganisha siku 10, msasa na vanishi siku 10, kukauka siku 1. Jumla ni siku 46. Shule itakuwa imefunguliwa karibu majuma manne kabla ya dawati la kwanza kufika!

Sasa tumfikiri msimamizi wa pili. Ana mafundi wale wale na vyombo vile vile, lakini ameigawa kazi katika mafungu 5 ya madawati 12. Fungu likimalizwa katika kituo kimoja huhamishwa mara moja, bila ya kuyangoja mafungu mengine. Ratiba yake ni hii, tukihesabu kwa siku za kazi:

Fungu la 1: kukata siku ya 1, randa ya 2, matundu 3 hadi 5, kuunganisha 6 na 7, vanishi 8 na 9, kukauka 10.
Fungu la 2: kukata siku ya 2, randa ya 3, matundu 6 hadi 8, kuunganisha 9 na 10, vanishi 11 na 12, kukauka 13.
Fungu la 3: kukata siku ya 3, randa ya 4, matundu 9 hadi 11, kuunganisha 12 na 13, vanishi 14 na 15, kukauka 16.
Fungu la 4: kukata siku ya 4, randa ya 5, matundu 12 hadi 14, kuunganisha 15 na 16, vanishi 17 na 18, kukauka 19.
Fungu la 5: kukata siku ya 5, randa ya 6, matundu 15 hadi 17, kuunganisha 18 na 19, vanishi 20 na 21, kukauka 22.

Kazi yote imekwisha siku ya 22, na zimebaki siku 2 za akiba. Hakuna fundi aliyeongezwa. Hakuna aliyefanya kazi usiku. Siku 24 zimeokolewa kwa kalamu tu.

Ratiba hiyo yatufundisha jambo jingine pia. Tuseme msimamizi amepata kijana mmoja wa kusaidia. Ampeleke wapi? Akimpeleka kwenye msumeno ili kukata kuwe upesi mara mbili, fungu la kwanza litakatwa kwa nusu siku, na kazi yote itakwisha kwa siku 21 na nusu. Faida yake ni nusu siku tu, pamoja na rundo kubwa zaidi la mbao zinazongoja matundu. Lakini akimpa patasi na kumweka kwenye kituo cha matundu, kituo hicho kitatoa madawati 8 kwa siku badala ya 4, na kazi yote itakwisha kwa siku 16 na nusu. Kijana ni yule yule na mshahara ni ule ule. Msaada hupelekwa kwenye shingo ya chupa.

Ili ratiba ionekane kwa jicho moja, wenye viwanda huichora. Siku huandikwa juu kutoka kushoto kwenda kulia, kazi huandikwa kando moja chini ya nyingine, na kila kazi huwa mstari ulionyooka tangu siku yake ya kuanza mpaka ya kumaliza. Mchoro huu huitwa mchoro wa Gantt, kwa jina la mhandisi wa Kimarekani Henry Gantt (1861-1919) aliyeueneza katika miaka ya 1910. Mpaka leo, hata kompyuta zinapotumiwa kupanga ujenzi wa madaraja na meli, picha inayoonekana juu ya kioo mara nyingi ni mistari ile ile. Mwanafunzi achore ratiba yetu ya madawati kwa namna hiyo, ataona mistari ikishuka kama ngazi.

Kazi ipi itangulie? Mara nyingine karakana huwa na kazi za namna mbalimbali, si madawati matupu. Tuseme kuna kazi 4, na kila moja hupita kwanza kwa mkataji kisha kwa muunganishaji:

Meza: kukata saa 3, kuunganisha saa 5.
Kabati: kukata saa 6, kuunganisha saa 4.
Kitanda: kukata saa 5, kuunganisha saa 2.
Kiti: kukata saa 1, kuunganisha saa 3.

Mwaka 1954 mtaalamu wa hesabu wa Marekani, S. M. Johnson, alitoa kanuni rahisi ya kupanga kazi za vituo viwili. Tafuta muda mfupi kuliko yote. Ukiwa ni wa kituo cha kwanza, kazi hiyo itangulie. Ukiwa ni wa kituo cha pili, kazi hiyo iwe ya mwisho. Kisha iache hiyo na ufanye vivyo hivyo kwa zilizobaki. Hapa muda mfupi kuliko yote ni saa 1 ya kukata kiti, basi kiti kinatangulia. Unaofuata ni saa 2 za kuunganisha kitanda, basi kitanda kinakuwa cha mwisho. Kisha saa 3 za kukata meza: meza inakuwa ya pili. Kabati linabaki la tatu. Mpango ni kiti, meza, kabati, kitanda, na kazi zote huisha baada ya saa 17. Zikipangwa kinyume chake, yaani kitanda, kabati, meza, kiti, huisha baada ya saa 23. Saa 6 zimetoka katika kupanga zamu tu.

Mwisho wa hatua hii, tukumbuke kutenga wakati wa mikono na wakati wa maumbile. Fundi aweza kuhimizwa, vanishi haihimizwi. Viwanda vya chai, kama vile vya Kericho na Mufindi, vyalijua jambo hili vyema. Majani yaliyochumwa leo hayawezi kungojeshwa mpaka juma lijalo. Lazima yatandazwe yanyauke, kazi inayochukua kwa kawaida saa 12 hadi 18, kisha yasagwe, yaachwe yageuke rangi kwa muda uliopimwa, halafu yakaushwe. Na kwa kuwa kama kilo 4 na nusu za majani mabichi hutoa kilo 1 tu ya chai kavu, ratiba ya wachumaji shambani, ya malori njiani na ya mashine kiwandani lazima ziwe ratiba moja. Yakiletwa mengi kuliko nafasi ya kuyatandaza, yataharibika yakiwa katika magunia.

HATUA YA TATU: KUTOA AMRI YA KAZI

Wahenga walisema, mipango si matumizi. Ratiba iliyobandikwa ukutani haikati mbao. Hatua ya tatu ni kuutoa mpango katika karatasi na kuutia mikononi mwa watu. Kila fundi hupewa hati ya kazi yenye mambo haya: jina la kazi, namba ya fungu, hesabu ya vipande, vipimo, chombo kitakachotumika, siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Pamoja na hati, stoo iwe imekwisha pata ruhusa ya kutoa mbao, gundi na parafujo za fungu hilo, na patasi ziwe zimenolewa. Kumpa fundi hati bila vifaa ni kumpa ruhusa ya kungoja.

Mwenye kutoa amri ana kazi nyingine iliyo ngumu zaidi: kuzuia kazi isianze kabla ya zamu yake. Twaona mara nyingi fundi wa mjini anapokea malipo ya kwanza kwa mteja wa kitanda, akakata mbao zake ili aridhike. Kesho anakuja mteja wa kabati, naye anakatiwa zake. Keshokutwa wa milango. Baada ya mwezi karakana imejaa vitu nusu nusu, fedha za wateja zimekwisha kugeuka mbao, na hakuna hata mmoja aliyechukua chake. Fundi huyo si mwongo kwa tabia; ni mtu aliyeanza kazi kumi bila ya kuwa na hatua ya tatu. Ni heri kumwambia mteja, "Kazi yako itaanza Jumatatu ya tarehe fulani," na ikaanza kweli, kuliko kuianza leo na kuilaza.

HATUA YA NNE: KUFUATILIA

Mpango ulio bora hukutana na siku mbaya. Umeme hukatika, fundi huugua, mvua hunyesha siku tatu na vanishi isikauke. Kwa hiyo kila jioni msimamizi hulinganisha yaliyopangwa na yaliyofanyika, akaandika tofauti.

Turudi kwenye madawati yetu. Kwa ratiba, jioni ya siku ya 8 kituo cha matundu kiwe kimekwisha toa madawati 24. Tuseme msimamizi amekuta 20. Pungufu ni madawati 4, yaani siku moja kamili, na kwa kuwa hiki ndicho kituo cha shingo ya chupa, siku hiyo moja itasukuma mwisho wa kazi yote. Hana haja ya kupiga kelele. Aulize sababu: je, mbao zina mafundo mengi? Patasi zimekuwa butu? Fundi anaitwa mara kwa mara kufanya kazi nyingine? Kisha atengeneze. Fundi wa msumeno, ambaye alimaliza kazi yake siku ya 5, aweza kuja kusaidia. Zile siku 2 za akiba nazo zipo, lakini ni kwa msiba usiotazamiwa, si kwa uzembe.

Tofauti ingetokea katika kituo cha randa, ambacho kiko mbele kwa siku kadhaa, isingekuwa jambo la kuogofya. Ndiyo sababu kufuatilia si kumsumbua kila mtu kwa kiasi kile kile, bali ni kujua pa kutazama kwanza.

Ukaguzi nao umo katika hatua hii. Kipande cha kwanza cha kila fungu kipimwe kabla ya vingine kufuata. Tundu likizidi upana, ulimi utacheza na dawati litayumba kabla ya muhula kwisha. Kosa hilo likigunduliwa wakati wa kuunganisha, msimamizi wa mafungu atakuwa ameharibu madawati 12 kwa wingi. Yule aliyetoboa yote 60 kwanza atakuwa ameyaharibu yote. Hiyo ni faida nyingine ya kuigawa kazi.

MWISHO

Kwa ufupi, kupanga njia hujibu swali la "wapi na kwa nani", kupanga wakati hujibu "lini", kutoa amri husema "anza", na kufuatilia huuliza "imekuwaje". Ikikosekana mojawapo, zile tatu nyingine hupotea bure. Wazazi wenye cherehani, mashine za kusaga au matanuri ya mkate watakuta hatua ni hizi hizi, hata kama hakuna mahali pa kuning'iniza mchoro. Mtu anaposema hana watu wa kutosha, na ahesabu kwanza ni saa ngapi watu alio nao hukaa wakingoja.

MAZOEZI

1. Tengeneza upya ratiba ya madawati 60 kwa mafungu 2 ya madawati 30. Kazi itakwisha siku ya ngapi? Je, yatafika kabla ya shule kufunguliwa?

2. Mshonaji ana kazi nne zinazokatwa kisha kushonwa: gauni (kukata saa 4, kushona saa 3), shati (saa 1, saa 2), suruali (saa 5, saa 4), sketi (saa 2, saa 3). Zipange kwa kanuni ya Johnson na useme zitamalizika baada ya saa ngapi.

3. Tembelea karakana, duka la mikate au mashine ya kusaga iliyo karibu nawe. Andika vituo vyake vya kazi, kisha onyesha shingo ya chupa iko wapi. Mwenye kazi aulizwe kwa adabu, na asicheleweshwe.

MAJIBU: (1) Siku ya 31, hayatafika. (2) Shati, sketi, suruali, gauni, saa 15.